MKATE WA KILA ASUBUHI: WIMBO MFUPI, ZIWA NA KITABU

Masomo: Zaburi 19, 1 Wafalme 4:29-34, Matendo ya Mitume 8:26-39



Sisi ni watoto wa kanisa lililozaliwa kwa ufunuo. Tunaamini kwamba Mungu anasema hata leo, katika ndoto, katika maono na kwa kinywa cha watumishi wake. Lakini kuna hatari moja inayoingia polepole katika nyumba zetu. Mwamini anangoja mkesha ndipo apate nguvu. Siku nyingine zote moyo wake ni kama mbabula bila makala. Mtoto akigonjwa, au kazi ikikatika, anaanza kuzunguka katika vyumba vya maombi, leo huku, kesho kule, akitafuta mtu wa kumwambia neno. Pesa ya bukari inaishia njiani. Mwisho hajui tena sauti gani ni ya Mungu na sauti gani ni ya watu.

Wapenzi, Mungu aliyewalisha Waisraeli jangwani hakuwapa chakula cha mwaka mzima. Alitoa mana ya siku moja, asubuhi kwa asubuhi (Kutoka 16). Ndivyo anavyotoa nguvu ya moyo, kila siku kidogo, kwa njia tatu zisizodai franka hata moja: wimbo mfupi, viumbe vyake, na kusoma. Zaburi ya 19 inazikusanya zote tatu. Yenyewe ni wimbo wa mistari 14. Mistari 6 ya kwanza inatazama mbingu na jua. Toka mstari wa 7 inageukia sheria ya Bwana iliyoandikwa. Mstari wa mwisho ni ombi la mtu aliyekwisha kutazama na kusoma. Sitaiandika hapa. Fungua Biblia yako uione kwa macho yako.

1. WIMBO MFUPI

Mungu hadharau maneno machache. Zaburi ya 117 ina mistari miwili tu, na inaita mataifa yote. Toka Zaburi ya 120 mpaka ya 134 kuna nyimbo 15 za kupanda Yerusalemu. Karibu zote ni fupi, msafiri aweze kuzishika kichwani akitembea. Na Musa alipokaribia kufa, Mungu alimwamuru aandike wimbo na kuutia katika vinywa vya watu (Kumbukumbu la Torati 31:19). Kwa nini wimbo? Kwa sababu mwalimu anaondoka, wimbo unabaki.

Jambo hili tumeliona katika historia yetu wenyewe. Tata Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Tarehe 3 Oktoba mwaka uleule, korti ya kijeshi ya Thysville ilimhukumu kufa. Hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, naye akapelekwa Elisabethville, leo Lubumbashi, na kukaa gerezani miaka 30 mpaka kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951. Waamini wengi walihamishwa kwa nguvu na kutupwa mikoa ya mbali. Walikuwa bila hekalu, bila mchungaji wao. Nyimbo walizopokea kwa roho ndizo ziliwashikilia. Askari anaweza kunyang'anya kitabu. Wimbo ulio moyoni ataunyang'anya kwa mkono gani?

Nawe mama unayeuza sokoni, nawe kijana unayengojea kazi bandarini, unaweza kutunga mistari minne ya kumshukuru Mungu. Usingoje kuwa fundi wa kwaya. Tazama kazi ya wavuvi wetu, kisha useme na Bwana hivi:

Ziwa ni kubwa, mtumbwi ni mdogo,
usiku ni mweusi, taa ni moja;
ndakala wameiona, wanakuja.
Bwana, nimeona yako: nami nakuja.

Maneno kama hayo ni sala ya nyumbani. Tusiyaite unabii. Na mtu akipokea wimbo kwa ajili ya kanisa, aupeleke kwanza kwa wakubwa upimwe, kama Mtume Paulo anavyoagiza (1 Wathesalonike 5:19-21).

2. VIUMBE VYA MUNGU

Maandiko yanasema Sulemani alinena mithali 3,000, na nyimbo zake zilikuwa 1,005. Endelea kusoma mstari unaofuata: mtu huyuhuyu alizungumza juu ya miti, toka mwerezi mkubwa wa Lebanoni mpaka hisopo, jani dogo linaloota ukutani, na juu ya wanyama, ndege na samaki. Aliyeimba sana ndiye aliyetazama sana.

Sisi wa Kalemie Mungu ametuweka kando ya kitabu kikubwa. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zaidi ya 670 na kina cha karibu mita 1,470. Duniani kote ni ziwa la Baikal tu linalolipita kwa kina. Wakati wa kiangazi, toka Mei mpaka Septemba, upepo wa kusini unavuma kwa nguvu na wavuvi wanaulalamikia. Lakini upepo huo unasukuma maji ya juu kwenda kaskazini, na huko kusini maji ya chini yanapanda pamoja na chakula chake. Vijidudu vidogo vinakula, ndakala wanakula vijidudu, mikebuka wanakula ndakala, nasi tunakula wote. Upepo unaotutesa ndio unaotayarisha sahani yetu. Mwenye kuteswa na alisome jambo hilo mara mbili.

Tazama tena Lukuga. Mito mingi inaingia katika ziwa. Mto unaotoka ni mmoja, nao unaanzia hapa mjini kwetu. Mwaka 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, mvua ilizidi, maji yakapanda na kufukuza jamaa nyingi katika nyumba zao. Kulikuwa na sababu: yaliyoingia yalikuwa mengi kuliko yaliyoweza kutoka. Basi nyumba ya jirani ikizama tusimtafute mchawi, tumtafutie jirani pa kulala. Na moyo nao ni hivyohivyo. Huzuni zikiingia kila siku na hakuna wimbo wala sala inayotoka, moyo unafurika na kubomoa nyumba.

Lakini angalieni: tunatazama viumbe, tunamwabudu Muumba (Warumi 1:25).

3. KUSOMA

Yule Mwafrika wa Matendo 8, mkubwa wa hazina ya malkia wa Ethiopia, alikuwa akirudi kutoka Yerusalemu. Filipo alimkuta anafanya nini njiani? Alikuwa akisoma kitabu cha nabii Isaya. Hakuelewa yote, lakini alikuwa akisoma, na Mungu akamtumia mwalimu. Danieli, nabii mwenye maono makubwa, alifahamu miaka ya uhamisho kwa kusoma vitabu (Danieli 9:2). Paulo akiwa mfungwa aliomba aletewe vitabu (2 Timotheo 4:13). Kama mwenye maono alisoma, sisi tunaacha kusoma kwa ruhusa ya nani?

Yuko mama atakayesema: mimi sijui kusoma. Mama, mwite mtoto wako akusomee mistari mitano wakati sombe iko motoni. Wewe utapata neno, naye atajua kwamba masomo yake yana faida nyumbani. Na nyumba isiyo na Biblia iombe kwa jirani, inakili zaburi moja kwa mkono katika kaye ya shule. Wafalme wa Israeli waliagizwa kujiandikia nakala ya sheria na kuisoma siku zote za maisha yao (Kumbukumbu la Torati 17:18-19).

MAMBO YA KUFANYA JUMA HILI

Asubuhi, kabla ya kusalimia watu, soma zaburi moja fupi. Anza na ya 121.
Mchana, simama kidogo, tazama kiumbe kimoja cha Mungu mpaka upate neno la shukrani.
Jioni, jamaa yote iimbe mistari minne, hata kama siku imekuwa mbaya. Hasa kama siku imekuwa mbaya.

Ndugu, siku moja unabii utakuwa mbali nawe. Utakuwa peke yako hospitalini, safarini, au katika kambi ya waliokimbia vita. Siku hiyo utakula ulichoweka moyoni leo. Aliyeokota mana yake asubuhi hatalala njaa.

Bwana abariki nyumba zenu. Amina.

Shemasi wenu