Godoro Lina Pembe Nne

Neno: Marko 2:1–12



Wiki tatu zilizopita nilimtembelea ndugu yetu mmoja pale Malaba. Jina nalifunika. Miaka mingi alibadilisha pesa mpakani, shilingi ya Kenya kwa ya Uganda, kando ya foleni ya malori. Mwaka jana kiharusi kikampiga. Mkono na mguu wa kulia vikalegea, maneno yakapotea.

Niliomba, nikamaliza, nikamgeukia mkewe: "Mama, siku hizi anaelewa kweli?"

Mama akanitazama. "Pasta, si yuko hapa? Muulize mwenyewe."

Niliona aibu. Nilikuwa nimemzika mtu aliye hai. Daktari alishamweleza mama: ubongo ukiumia upande wa kushoto, mwili hulegea upande wa kulia, na mara nyingi ulimi hufungwa. Lakini kufungwa ulimi si kupoteza akili. Basi wamejifunza kuongea upya. Mama huuliza swali la ndiyo au hapana, kisha hunyamaza, husubiri. Jioni humwaga mezani pesa za kibanda cha mboga, mzee akahesabu kwa mkono wa kushoto. Mama akikosea kubadilisha shilingi ya Uganda, mzee anagonga meza! Mimi na digrii yangu ya biashara nilikuwa nimeona hasara tupu. Mama aliona mtaji uliobaki.

Lakini tusidanganyane. Aliponisindikiza kwa boda, alilia. Usiku anamgeuza, asubuhi anamwogesha, anamnyoosha viungo kama alivyofundishwa, anampa dawa ya presha, kisha anafungua kibanda. Siku nyingine mzee hukasirika na kutupa kikombe. Mama naye hufoka, halafu anajihukumu. Akaniambia, "Pasta, mume wangu yuko, na bado nimemkosa."

Dada, ndugu, wewe unayeuguza mwenzako: kulia hivyo si kukosa imani. Agano lako bado ni agano, na Mungu anajua umechoka.

Sasa fungua Marko 2. Yule mwenye kupooza alibebwa na watu wangapi? Wanne! Walipokuta mlango umejaa, walitoboa dari. Na Yesu aliitazama imani yao, wale wabebaji. Nauliza, kanisa: kama mama yule ameshika pembe moja ya godoro, tatu zingine ziko wapi? Wiki ya kwanza tulijaa pale na mikate na soda. Baada ya miezi sita, nani alibaki?

Tufanye hivi. Wababa, Jumamosi kaeni naye, mnyoeni ndevu, mpeni habari za mpakani. Ongeeni naye, msiongee juu yake. Wamama, siku moja kwa wiki shikeni kibanda, mwenzenu alale. Vijana wa boda, siku ya kliniki ni yenu.

Na kila mmoja apime presha wiki hii. Ukiombewa, usitupe dawa, meza ukiomba. Ukiona uso wa mtu umepinda, mkono umelegea au maneno yamevurugika ghafla, usingoje ibada iishe. Hospitali, mara moja.

Tuombe. Baba, inua walio kitandani, na watie nguvu wanaowainua kila asubuhi. Utusamehe tuliopita mlangoni kwao bila kuingia. Tupe mabega. Katika jina la Yesu, amina.

Daftari la zamu liko mlangoni. Jina la kwanza ni langu.