Achilia Kitufe Usikie

Somo: 1 Samweli 3:1-18



Jumapili niliuliza ni nani amewahi kutumia redio ya mawasiliano, ile ya kubonyeza na kuongea. Mikono miwili tu ndiyo iliinuka, na wote ni askari wastaafu. Basi hebu niwaeleze.

Nikisomea biashara nilienda Kakuma, kule Turkana, kujifunza kazi kwenye stoo ya shirika moja. Magari yaliyoenda mbali yalibeba redio ya masafa marefu, na antena ndefu kama fimbo ya mchungaji wa ngamia. Porini simu ilikuwa haina netiweki, lakini redio hiyo haihitaji mlingoti wa kampuni yoyote. Mawimbi yake, kati ya megahezi 3 na 30, hupanda hadi kwenye tabaka la juu la anga na kurudishwa chini, mamia ya kilomita kutoka hapo ulipo. Mchana unatumia masafa ya juu, usiku unashuka. Madaktari wa ndege wa Amref, walioanza mwaka wa 1957, waliitiwa wagonjwa kwa redio za namna hii kutoka hospitali za misheni ambako hata simu ya waya haikufika. Watu wako hai leo kwa sababu kuna mtu alikuwa amekaa, anasikiliza.

Lakini kuna jambo moja. Ukibonyeza kitufe, unatuma. Na ukiwa unatuma, husikii kitu. Spika inanyamaza kabisa. Ndiyo maana mtu husema "ova" kisha anaachilia.

Siku moja nilisoma orodha yangu ya stoo, magunia ya maharagwe, mitungi ya mafuta, nikaweka maiki mezani na faili juu yake. Kitufe kikabaki kimebonyezwa. Mimi huyo nikaendelea na hesabu zangu, nikishangaa jinsi siku ilivyo tulivu! Kumbe dereva wetu alikuwa amekwama kwenye mto wa mchanga na mgonjwa ndani ya gari, anaita, anaita. Opereta alikuja mbio akaiondoa ile faili bila kuniambia neno. Mgonjwa alipona, Mungu ni mwema, lakini yale macho ya opereta sijayasahau.

Ungedhani nilijifunza. Mwaka huu mama mmoja wa hapa kwetu (amenipa ruhusa niseme, bila jina) alinijia baada ya ibada. Akaanza, "Pasta, kule nyumbani..." Mimi nikaweka mkono kichwani pake nikaomba kwa nguvu dakika kumi, nikakemea kila kitu. Akasema amina, akaenda. Wiki tatu baadaye ndipo nikajua alikuwa analala kwa jirani na watoto. Alikuja kuniambia hilo. Nilikuwa nimebonyeza kitufe.

Sasa mwangalie Eli. Macho yamefifia, nyumba yake imeharibika, lakini alijua kumwambia kijana arudi akalale, na akiitwa tena aseme anasikiliza. Hakumfundisha maombi marefu. Na neno lenyewe lilipokuja halikuwa tamu, lilikuwa hukumu juu ya nyumba ya huyo huyo Eli. Asubuhi akadai aambiwe yote, asifichwe hata neno. Mimi hapo ndipo namheshimu yule mzee. Kusikiliza ni kukubali pia habari inayokugusa wewe mwenyewe, na sisi tuliosomea biashara tulifundishwa kunadi tu.

Kwa hiyo kesha ya Ijumaa hii, baada ya kila hoja ya maombi tutazima maiki na kinanda dakika tano. Wale wa sifa mnivumilie. Na Jumapili baada ya ibada, wazee na mimi tutakaa benchi za nyuma. Ukija, wewe ndiwe utaanza kuongea. Tutaomba ukimaliza.