Maji Yanapojaa Nyuma Yako

Kijana mmoja alikulia Mwanza, juu ya mawe ya ukingo wa Ziwa Victoria. Hakuwa mgeni wa ndoana. Alijua sato wanakula saa gani, alijua mnyoo utungwe vipi usichomoke, na alijua matete ya kukaa mbali nayo kwa ajili ya mamba. Kazi ikampeleka Unguja. Siku ya mapumziko akachukua fimbo yake ya kuvulia, chambo cha ngisi na mfuko wa samaki, akashuka pwani ya Jambiani wakati maji yamekupwa.

Mwezi ulikuwa mpevu, siku za bamvua. Katika pwani yetu, bamvua likiingia maji hutoka kabisa mnamo saa nne asubuhi, na pale Jambiani bahari hurudi nyuma hata mtu akatembea kwa miguu mpaka mwamba wa nje, mawimbi yanakovunjikia. Akapita kwenye mashamba ya mwani, akawaamkia akina mama waliokuwa wakifunga mbegu kwenye kamba. Karibu na mwamba akavuka mkondo. Maji yalimfika magotini, naye hakuutazama tena.

Mwanzoni hakupata kitu. Maji yakisimama, samaki nao hutulia. Yakigeuka huleta chakula, na changu na kolekole husogea mwambani kula. Basi mshipi ukaanza kuvutwa. Akatoa changu, akatoa mwingine, kisha akaona kolekole mkubwa akipasua maji karibu naye.

Mama mmoja akamwita kwa mbali: "Mwanangu, maji yashageuka, rudi!"

"Ahsante mama, narudi sasa hivi," akajibu, akarusha tena.

Pale aliposimama palikuwa bado pakavu, na hilo ndilo linaloponza watu. Mwamba wa nje umeinuka kuliko sehemu iliyo nyuma yake. Maji huingilia kwenye milango ya mwamba, yakajaza huko nyuma kwanza, wakati mvuvi macho yake yako kwenye bahari kuu. Alipogeuka, akina mama walikuwa wameshatoka. Mkondo aliouvuka kwa magoti sasa ulikuwa kifuani na unakwenda kasi. Mfuko wa samaki alikuwa ameufunga kiunoni kwa kamba. Maji yakauvuta pembeni, naye akavutwa pamoja nao. Buti zikajaa maji. Akaachia fimbo ili afungue fundo, lakini kamba iliyolowa haifunguki upesi, akawa anameza maji. Vijana wa ngalawa iliyokuwa ikitoka kuvua ndio waliomdaka mkono. Wangechelewa robo saa, wangeokota maiti.

Sitamwita mzembe. Elimu yake ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa elimu ya ziwa. Ziwani, maji unayoyaacha asubuhi ndiyo utakayoyakuta mchana. Upepo utayachafua, lakini hayatakuhama. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti hufika karibu mita 4. Tena haijai kwa mwendo mmoja. Saa nzima ya kwanza baada ya kugeuka huongezeka kama sentimita 30 tu, kiasi cha kumdanganya mtu kwamba nafasi bado ipo. Saa ya tatu na ya nne, kila moja hupandisha kama mita nzima. Wala usitegemee saa za jana, kwa kuwa kila siku maji huchelewa dakika 50 hivi.

Kwa hiyo ukitaka kuvua mwambani kwa miguu, fuata maji yakiwa yanatoka, vua yakishuka, na uwe njiani kurudi kabla hayajageuka. Ule ulaji mzuri wa maji yanayojaa hutaukosa: usubiri ufukweni, kwani samaki huyafuata maji yakiingia, na tasi na changu watakuja mpaka ulipo. Mahali unapovukia mkondo chomeka mti, ufunge kitambaa chekundu usawa wa goti, uwe unakitazama kila ukitia chambo. Maji yakikikaribia, kunja mshipi, hata kama samaki anakula. Usifunge chochote kiunoni. Vaa viatu vyepesi vinavyovulika. Chukua dumu tupu la lita 5 lililokazwa kifuniko, maana hilo hukubeba ukizidiwa, na usiende peke yako.

Na kabla hujashuka, waulize akina mama wa mwani leo watatoka saa ngapi. Ukiwaona wanajitwisha magunia, toka nao.