Nyani Haoni Kundule

Sijui methali inayotumika vibaya kuliko hii. "Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe," husema mtu aliyekwisha kumpata nyani wake, na nyani huyo daima ni mwingine: mkwe, jirani, mbunge, mchungaji. Akishaisema huenda zake ameridhika, kumbe mwenyewe ndiye mfano hai wa maneno yake.

Makanisani tuna ufundi wetu wa jambo hili. Ni jioni ya jumuiya, viti vya plastiki vimepangwa uani kwa mwenyeji, na mama mmoja anaomba kwa uchungu: "Tuwaombee wenzetu wenye tabia ya umbea." Wote wanaitikia. Kabla chai haijamiminwa, amekwisha kuwataja kwa majina.

Wahenga lakini hawakusema nyani ana roho mbaya. Walisema haoni. Macho yako mbele, kundu liko nyuma; hata awe mwema namna gani, hali ni hiyohiyo. Ikiwa na binadamu ndivyo alivyo, atajijua kwa njia gani? Akijikagua peke yake, hakimu ni ndugu wa mshtakiwa. Wenzake wanaweza kumwambia, na ni vyema wamwambie, ila nao ni nyani. Imani ya Kikristo hujibu kwamba mtu hujiona anapomkaribia Yule anayemwona pande zote.

Daudi ni shahidi wa kwanza. Alikuwa amemchukua mke wa Uria, kisha akapanga mumewe afie vitani. Nabii Nathani hakuja na mashtaka. Alikuja na kisa cha tajiri mwenye mifugo tele aliyempora maskini mwanakondoo wake mmoja. Mfalme akawaka, akahukumu tajiri huyo afe na mwanakondoo alipwe mara nne. La mwenziwe aliliona papo hapo. Lake hakuliona mpaka alipoambiwa kuwa tajiri ni yeye.

Petro hunigusa zaidi, kwa sababu yeye hakukemewa. Usiku kucha alivua bila kupata kitu. Kisha, kwa neno la Yesu, nyavu zikaanza kukatika na mashua mbili zikakaribia kuzama kwa wingi wa samaki. Mvuvi mwingine angepiga hesabu ya soko. Petro alianguka magotini akamsihi Bwana aondoke kwake, kwa kuwa yeye ni mwenye dhambi. Nani alikuwa ametaja dhambi? Hakuna. Mchele huchambuliwa mlangoni penye mwanga. Gizani kila ungo ni safi. Petro alikuwa amefika mlangoni. Naye Yesu hakuondoka, alimpa kazi. Wahubiri wanaomwacha mtu magotini na aibu yake wamesoma nusu ya kisa.

Kwa hiyo kukua kiroho kuna alama ambayo wengi hawaitazamii. Mtume Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, anajiita mdogo kuliko mitume wote. Kwa Waefeso ni mdogo kuliko watakatifu wote. Katika waraka wa kwanza kwa Timotheo amekuwa wa kwanza miongoni mwa wenye dhambi. Sisi huku kila mwaka unatuongezea vyeo: mzee wa kanisa, mwenyekiti, mlezi wa kwaya.

Afrika Mashariki ina ushuhuda wake. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akihudumu Gahini nchini Rwanda, walikutana Kampala wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho ukaenea kutoka Gahini hadi Uganda, Kenya, Tanganyika na Burundi. Ndugu wa uamsho walisisitiza kutembea nuruni, yaani kila mmoja kutaja dhambi yake mwenyewe mbele ya wenzake: wivu, uongo, mali ya watu aliyoiba, na kwenda kuirudisha. Wapo wamisionari wa Kizungu waliowaomba radhi Waafrika kwa kuwadharau. Katika zama za ukoloni hilo halikuwa jambo dogo. Macho yaliyozoea kutazama makosa ya "wenyeji" yalikuwa yamegeuzwa. Baadaye, kama ilivyo ada ya binadamu, wakatokea walioifanya toba kuwa kipimo cha kuwapimia wengine nani ameokoka na nani bado. Hao walikuwa wamerudi palepale kwa nyani.

Ukitaka kujua kama unamkaribia Mungu, usihesabu mikesha uliyohudhuria wala mafungo uliyofunga. Jiulize dhambi ya nani inakusumbua zaidi siku hizi, yako au ya jirani. Na methali hii ikikujia mdomoni kwa ajili ya mtu, imeze kwanza, kaombe, kisha uende kwake kama bado unaona haja ya kwenda.