Picha ya Chakula ni Ahadi

Msomaji mpendwa, fikiri kwamba umefika Mombasa kutoka safari ya mbali. Njaa imekushika, na mfukoni mna fedha ya mlo mmoja tu. Mlangoni pa mkahawa pametundikwa picha ya biriani: wali umejaa sahani, na nyama imelala juu yake. Waingia, waagiza, wangoja. Sahani iletwapo, wali ni haba na nyama ni mfupa. Je, umeuziwa au umeibiwa?

Kitambaa hupapaswa kabla ya kununuliwa, na embe hunuswa. Chakula cha mkahawani hakionjwi kabla ya kuagizwa. Mlaji hununua kwa kuamini. Kwa hiyo picha ile si pambo la ukuta. Ni ahadi, na ahadi ni deni.

Katika miaka ya 1960, kampuni ya Campbell ya Marekani ilitangaza supu yake kwa picha. Chini ya bakuli zilitiwa gololi za kioo, ili nyama na mboga zisizame, zionekane juu. Tume ya biashara ya nchi hiyo ililalamika, na mwaka 1970 kampuni ikakubali kuacha matangazo ya namna hiyo. Zingatia jambo hili: supu ilikuwa ya kweli, na mboga zilikuwa za kweli, lakini picha ilisema wingi usiokuwako. Uongo waweza kujengwa kwa vipande vya kweli.

Wenye mikahawa wengine huchukua kwenye intaneti picha za sahani zisizo zao. Hao wana makosa mawili. La kwanza ni kumdhulumu mpiga picha, kwani Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yaihesabu picha kuwa kazi yenye mwenyewe. La pili ni kumdanganya mlaji. Na hata mpiga picha akilipwa, kosa la pili hubaki. Deni la mmoja halilipwi kwa kumlipa mwingine. Picha iliyobuniwa na mashine ni vivyo hivyo, maana hapana mpishi aliyepata kukipika chakula kile.

Huenda ukauliza, je, kupamba ni kosa? La. Bibi arusi hupambwa, wala hapana asemaye kwamba amedanganya. Lakini kuonyesha binti mmoja, kisha kuoza mwingine, ni hila. Mwanga mzuri, sahani safi na jani la dhania ni mapambo. Kuzidisha kipimo na kuazima sahani ya jirani ni hila.

Basi mwenye mkahawa na afanye hivi: mpishi apike kama apikavyo kila siku, apakue kipimo kile kile cha mteja, na hiyo ndiyo sahani ipigwe picha. Mpiga picha alipwe haki yake. Kipimo kikipungua, picha ibadilishwe. Asiyeweza gharama hizo aandike jina la chakula na bei yake. Neno la kweli lashinda picha ya uongo.

Nawe, msomaji, kesho utauza kitu, kiwe ni mali au ni kazi ya mikono yako. Utakapojitangaza, mkumbuke yule msafiri mwenye fedha ya mlo mmoja. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.