Posa Isiyo na Mshenga

Mwacha mila ni mtumwa, husema Waswahili. Methali hii humlenga aliyeondoka. Juu ya deni la mila kwa mtu huyo huyo, haisemi neno.

Katika miaka ya 1860, wafanyabiashara wa Kijerumani waliokaa Mji Mkongwe wa Unguja waliendelea na desturi za kwao. Jirani yao mmoja alikuwa Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, ameeleza kuwa paa la nyumba ya Rudolph Heinrich Ruete lilikuwa chini kidogo ya lake, na kwamba Ruete aliandaa karamu za wanaume ili kumuonesha namna Wazungu wanavyokula. Mgeni alichumbia kwa kutandika meza ya kwao.

Posa haikuwezekana. Dini haikumruhusu mwanamke wa Kiislamu kuolewa na Mkristo. Hapakuwa na mshenga wa kutumwa wala walii wa kujibu. Mwezi wa Agosti 1866 Salme, hali ni mja mzito, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko alibatizwa na kuolewa, Mei 1867. Mwaka 1870 Ruete alifariki Hamburg kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wachanga.

Hapo ndipo swali linapouma. Posa si sahani ya tambuu wala maneno ya mafumbo. Ni njia ya kugawana dhamana: mshenga aliyesifu, wazee walioitikia, majirani waliokula pilau, wote huwa na deni siku mume anapokufa. Wapendanao wawili ugenini hupata uhuru wote, na mzigo wote pia.

Je, ni haki kusema aliyataka mwenyewe? Aliporejea Unguja mwaka 1885, nduguye Seyyid Barghash hakumpokea. Mila ilikumbuka kosa, ikasahau udugu. Salme alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg pamoja na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja. Mila yenye nguvu ya kufukuza, isiyo na mkono wa kupokea, ni nusu ya mila.

Leo vijana wa visiwani huchumbiana Muscat, London na Toronto, mbali na wajomba na mashangazi. Wazee huuliza kama posa ilipita mlangoni. Ni haki yao kuuliza, iwapo wako tayari kuufungua mlango huo huo msiba utakapobisha hodi.