Fundi na Ufa Usioonekana



Yako maswali ambayo wenye elimu wameyaandikia vitabu vikubwa, nayo hutukuta sisi sokoni tukinunua kikaango. Mojawapo ni hili: je, muuzaji anayenyamaza amesema uongo?

Tuchukue mfano wa fundi anayefufua vyombo vikuukuu vya chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Ni kazi ya heshima, awe fundi huyo yuko Musoma, Bunda au Butiama. Kutu husuguliwa kwa mchanga au brashi ya waya hata chuma kionekane. Kisha chombo hupakwa mafuta kidogo sana na kupashwa moto, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mafuta yagande yawe ngozi nyeusi inayozuia kutu na kuzuia chakula kushika. Faida yake si ya macho tu. Utafiti uliofanyika Ethiopia na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba upungufu wa damu ulipungua zaidi kwa watoto waliopikiwa katika vyungu vya chuma kuliko kwa wale waliopikiwa katika vya alumini.

Taabu iko kwenye mkono. Chuma hiki hakifuliwi kama jembe. Ukikigonga kwa nguvu hupasuka. Mkono wake ukivunjika, fundi hutoboa matundu taratibu, akapachika mkono mwingine na kuukaza kwa ribiti. Ribiti ya chuma hushika vizuri. Ya alumini ni laini na hugongeka upesi, lakini alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi za sentigredi, na makaa yanayopepewa huweza kufika huko. Kabla ya kuyeyuka hulegea. Na huenda wakati wa kutoboa ulitokea ufa mwembamba kama unywele, kutoka tunduni kwenda chini. Halafu yanapakwa mafuta, moto unawashwa, na yote yanakuwa meusi, yanapendeza.

Fundi atajitetea: "Sikudanganya. Hakuniuliza, na bei yangu ni ndogo." Si neno la kudharauliwa. Naye ana watoto, na akiutaja ufa huenda asiuze kitu siku hiyo. Zaidi ya miaka 2000 iliyopita, Cicero wa Roma aliandika juu ya wanafalsafa wawili waliopingana kuhusu mtu anayeuza nyumba yenye kasoro. Diogenes alisema kunyamaza si kuficha. Antipater alisema mnunuzi aambiwe yote. Cicero aliona Antipater ndiye mwenye haki. Karne nyingi baadaye Thomas wa Akwino alipambanua zaidi: kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuitangaza mradi bei iwe ya haki; iliyofichika na yenye hatari lazima aiseme.

Mimi namfuata Thomas, ila farasi wake hakupakwa rangi. Kikaango kilipokuwa kimesuguliwa, ufa ulionekana na kila mwenye macho. Aliyeutoa kwenye wazi na kuutia gizani ni fundi mwenyewe, kwa ustadi wake, hata kama hakukusudia hila. Kwa hiyo kimya chake hakilingani na kimya cha mchuuzi asiyejua alichonacho. Kadiri fundi alivyo hodari, ndivyo anavyodaiwa maneno mengi zaidi.

Mnunuzi naye anaweza kujisaidia. Kining'inize chombo, kigonge kwa kidole: kizima hulia kama kengele, chenye ufa hutoa sauti butu. Shika mkono uutikise.

Lakini hata hapo jambo halijaisha. Tuseme fundi amesema kweli, na mama mwenye kibanda cha chakula amekubali kwa kuwa bei ni nafuu. Atakayesimama mbele ya mafuta yanayochemka akikaanga sato si yeye, ni binti aliyemwajiri wiki iliyopita. Binti huyo hakuwapo sokoni, hakuambiwa, wala hakupunguziwa bei. Fundi angeweza kukataa kuuza. Au angeweza kuacha sehemu ile ya ufa bila kuipaka mafuta, ishike kutu kidogo, ili kila atakayekiinua kikaango auone mstari mwekundu kando ya mkono.